Watu wa Kiatu Kimoja Wahama

Mama Soli aliirithi karakana ya viatu kutoka kwa baba yake, na jina akalirithi humo humo. Baba alikuwa Mzee Soli. Alipofariki, wateja hawakuona sababu ya kuhangaika kutafuta jina jipya. Walibadilisha mwanzo tu, wakaendelea kuleta viatu.

Karakana ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi, chenye dirisha pana linalotazama barabara. Chini ya dirisha iko cherehani ya ngozi, ya kukanyaga kwa miguu. Pembeni kuna chuma cha kugongea misumari na mashine ya msasa inayopiga kelele kama nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo. Ukuta wa nyuma wote ni rafu, na rafuni zimepangwa kalibu, ile miguu ya mbao ambayo fundi huivalisha ngozi anapotengeneza kiatu. Harufu ya gundi Mama Soli aliacha kuisikia zamani. Mume wake ni mpaka rangi wa majumba. Jioni wakikutana nyumbani, mmoja ananuka gundi na mwingine rangi, na kila mmoja anaapa kuwa anayenuka ni mwenzake.

Mambo yote yalianza na muuguzi mmoja, mteja wake wa siku nyingi. Muuguzi huyo aliugua akiwa mdogo, mguu wake wa kushoto ukachelewa kukua. Kulia anavaa arobaini, kushoto thelathini na nane. Kila akitaka viatu hununua pea mbili, avae kimoja cha pea hii na kimoja cha pea ile.

"Mama Soli," alisema siku hiyo akiweka mfuko juu ya meza, "hivi ndivyo vinavyobaki. Havijawahi kukanyaga ardhi. Kuvitupa roho inaniuma, na kuviweka kabati limekataa."

Mama Soli alivitoa kimoja kimoja, akavigeuzageuza. Vilikuwa viatu vizuri, ngozi laini, soli bado ina ule mng'aro wa dukani. Alivipiga picha, akaiweka kwenye mtandao mkubwa, ule ambao siku hizo kila mtu alikuwemo, akaandika: "Kushoto arobaini, kulia thelathini na nane. Nani miguu yake imekaa hivi?"

Mshonaji mmoja wa mji mwingine alijibu siku hiyo hiyo. Miguu yake ilikuwa imekaa hivyo hivyo. Yule muuguzi na mshonaji walipopigiana simu ya video walionyeshana miguu kabla ya kuonyeshana nyuso, wakacheka mpaka mmoja akaangusha simu. Tangu hapo wakawa wananunua viatu kwa makubaliano, kila mmoja pea moja, wanabadilishana.

Mama Soli akafungua kundi, akaliita Kiatu Kimoja. Waliingia wenye mguu mmoja mkubwa na mmoja mdogo, waliozaliwa na nyayo zilizopinda, waliokatwa mguu baada ya ajali au kwa sababu ya sukari. Aliingia pia Mwalimu, mstaafu aliyefundisha sarufi maisha yake yote, aliyepoteza mguu wa kulia kwenye ajali ya barabarani. Mguu wa bandia aliujaribu akauchukia, akaamua kutembea na magongo. Mwalimu hakuwa na haja kubwa ya viatu, alikuja kusahihisha. Mtu akiandika "natafuta kiatu ya kushoto", Mwalimu huyo hapo chini yake: "Kiatu cha kushoto. Kiatu hakijakukosea kitu." Watu walimkasirikia, na akinyamaza siku mbili walimuulizia.

Kundi likakua. Baada ya miaka michache lilikuwa na maelfu ya watu, na Mama Soli mwenyewe alishindwa kueleza limefikaje huko.

Kisha mtandao mkubwa ukaanza kubadilika, kidogo kidogo, kama kiatu kinachoachia mshono upande usioonekana. Mtu aliandika anatafuta kiatu, wenzake wakaliona ombi lake baada ya wiki, wengine wasilione kabisa. Kilichoonekana ni matangazo. Mama wa mtoto mwenye mguu mmoja alifungua kundi asubuhi akakuta, kabla ya salamu ya mtu yeyote, tangazo la viatu: nunua pea mbili upate ya tatu bure. Aliandika kwamba amecheka, lakini kila aliyesoma alijua hakucheka.

Mama Soli naye hakuwa salama. Simu ilikuwa haimtoki mkononi. Aliingia kutazama ombi la mtu, akajikuta nusu saa baadaye anatazama watu asiowajua wakigombana juu ya jambo asilolijua, moyo unamdunda kana kwamba ugomvi ni wake. Siku moja alibandika soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia, akakikabidhi, mteja akakivaa na kufika nacho mpaka mlangoni kabla ya kugeuka kumtazama.

Mume wake hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini wakiwa mezani alisema, "Mke wangu, siku hizi nakula na kisogo. Kisogo chako ni kizuri, sikatai. Lakini uso niliuzoea."

Kilichovunja mambo ni picha ya Mwalimu. Binti yake alimfumia soksi ya sufu ya kuvisha kigutu, ile sehemu ya paja iliyobaki, ya buluu yenye mistari myeupe. Mwalimu aliipenda mno. Akapiga picha amekaa kitini, suruali imekunjwa, soksi mahali pake, uso umejaa fahari kama bwana harusi. Picha haikumaliza siku. Mtandao uliifuta, ukamwandikia kwamba picha za kuogofya haziruhusiwi.

"Niliitwa mkali," aliandika Mwalimu. "Niliitwa mchoshi. Wa kuogofya, hii ni mara ya kwanza."

Wiki iliyofuata kundi zima lilifungwa. Mama Soli alipokea ujumbe kwamba kundi lake linashukiwa kuuza bidhaa pungufu, kwa kuwa linatangaza kiatu kimoja kimoja. Aliusoma akiwa amesimama, akakaa chini, akausoma tena. Alibonyeza mahali pa kukata rufaa akaeleza kila kitu kwa utulivu: kwamba wanachama wake wana mguu mmoja, au miguu miwili isiyolingana, na hakuna anayedanganywa. Jibu lilikuja kabla hajashusha pumzi. Walimshukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao, na uamuzi haukubadilika. Akaandika tena, likaja jibu lile lile, nukta kwa nukta. Hapo akaelewa kwamba anaongea na mashine, na kwamba kwenye familia ile hakuna mtu aliyekuwa nyumbani.

Jumapili yake shemeji yake alikuja kula chakula cha mchana. Huyu ni mdogo wa mume wake, fundi wa kompyuta katika maktaba ya umma, mtu mrefu anayeinama milangoni hata pale mlango ulipo mrefu kuliko yeye. Yeye na Mama Soli hawajawahi kukaa pamoja bila kutaniana. Siku hiyo Mama Soli hakutania. Alimwekea chakula, akakaa kushika tama.

"Shemeji," fundi kompyuta alisema, "nimekuja na shati lisilopigwa pasi na hujanisema. Una nini?"

Akamweleza. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma sahani pembeni.

"Wewe una anwani ya barua pepe?"

"Ninayo."

"Yako iko kampuni moja, yangu iko kampuni nyingine. Nikikuandikia inafika?"

"Inafika, ingawa mara nyingi huna la maana."

"Haya. Ipo mitandao ya kijamii ya namna hiyo. Kila watu wana seva yao, yaani kompyuta moja inayowaka muda wote. Wanaitunza wenyewe, wanajiwekea masharti wenyewe. Halafu seva zenyewe zinazungumza. Mtu wa seva ya mbali anaweza kuwafuata watu wako, akasoma, akajibu, bila kuhama kwake. Hakuna aliyekaa juu ya wote."

"Na nani anaamua nini nikione kwanza?"

"Hakuna. Cha karibuni kinakaa juu, cha zamani kinashuka. Basi."

"Matangazo?"

"Labda uyaweke wewe."

"Na mwenye mali ni nani?"

"Wewe na watu wako."

Mama Soli alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mimi mali yangu ni cherehani na kaka yako. Na vyote viwili vimeanza kukwamakwama."

"Nimesikia," mume wake alisema kutoka jikoni.

Maktaba ilikuwa inaondoa kompyuta zake za zamani. Shemeji aliomba moja kwa barua rasmi, akapewa, akaifungua, akaisafisha, akaiwekea programu inayotakiwa. Kwanza waliiweka karakana. Vumbi la ngozi likaingia ndani, feni ikaanza kukohoa. Wakaihamishia nyumbani, kwenye kona ya chumba cha kulia. Mume wake, ambaye mpaka hapo alikuwa anatazama tu, alisema kitu hicho kinatia aibu mbele ya wageni. Akatengeneza kabati dogo la mbao lenye matundu ya kupitisha hewa, akalipaka rangi ya krimu mikono mitatu, yaani mara tatu, na kulipiga msasa kati ya mkono na mkono. Kila jioni nakala ya yaliyoandikwa ilikwenda kwenye kompyuta nyingine nyumbani kwa shemeji, ili hata kabati lile likipata ajali, maneno ya watu yasipotee.

Kazi ngumu ilikuwa watu. Kundi la zamani lilifungwa na mlango wake, hata tangazo la kuhama hakuweza kuliweka. Alimwandikia kila aliyekuwa na namba yake ya simu. Aliweka karatasi dirishani. Muuguzi aliwaambia wagonjwa wake. Wengi walijibu kwa upole kwamba watakuja, kwa ule upole wa mtu asiyekuja. Wengine walisema wamechoka kujifunza vitu vipya. Mmoja aliuliza kama huko kuna video za wanyama.

Mwalimu ndiye aliyemuuma zaidi. Mama Soli alikwenda kwake mwenyewe, akamkuta barazani anasoma gazeti na kalamu nyekundu mkononi.

"Mimi sihami," alisema kabla hajakaribishwa kiti. "Mara ya mwisho nilipohama nilikuwa na miguu miwili."

"Mwalimu, wamekufutia picha."

"Wamefuta picha moja. Wajukuu zangu wako kule. Wanafunzi wangu wa zamani wako kule, kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa wananikumbuka, au wanakumbushwa, sijui. Nikiondoka watanipata wapi?"

Mama Soli alifikiri kidogo. Hakutaka kumdanganya mzee. "Basi usihame," alisema. "Baki kule na wajukuu. Lakini na huku uwe unapita. Mtu ameandika 'kisigio' badala ya 'kisigino' na hakuna aliyemwambia."

Mwalimu alirudi kwenye gazeti lake. Mama Soli akaondoka.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Alizoea maelfu, sasa akifungua anawakuta muuguzi, mshonaji, shemeji, na watu wengine wachache waliosema habari za asubuhi na kunyamaza. Alihisi kama mtu aliyefungua duka kwenye mtaa ambao nyumba bado zinajengwa. Mara mbili alirudi kule kwenye mtandao mkubwa, akazunguka humo dakika chache na kutoka akiwa na ladha mbaya mdomoni. Alimwambia mume wake huenda wamejisumbua bure.

"Kabati nimelipaka mikono mitatu," mume wake alisema. "Wewe subiri."

Mwalimu alitokea siku ya mvua, bila salamu. Ujumbe wake wa kwanza ulisomeka: "Ni kisigino. Na pale juu, 'masharti ya kundi' yana makosa saba. Nitayaandika upya." Akayaandika upya. Yalikuwa mafupi na yanaeleweka: tusichekane, tusidanganyane, picha ya mtu ni ya mtu, na anayetafuta kiatu ajibiwe hata kama hakuna kiatu. Chini yake akaweka ile picha ya soksi ya buluu. Haikufutwa na mtu.

Muda si mrefu baada ya hapo Mama Soli alikuta ujumbe kutoka seva nyingine. Mwandishi alikuwa mwanamke, alijitambulisha kuwa nahodha wa timu na mtaalamu wa maabara, na wenzake wanamwita Kapteni. "Tumeona mazungumzo yenu kupitia mtu tunayemfuata," aliandika. "Sisi ni timu ya mpira wa magongo. Tuna viatu vingi vya upande mmoja. Mnavitaka?"

Mwalimu alidakia. "Mpira wa magongo unachezwa kwa miguu miwili na fimbo moja. Viatu vya upande mmoja mnavipataje?"

"Mwalimu," Kapteni alijibu, "mpira wetu ni kandanda. Magongo ni ya kutembelea. Sisi sote ndani ya uwanja tuna mguu mmoja, isipokuwa kipa, ambaye ana mkono mmoja."

Mwalimu alikwenda kutafuta kama mchezo huo upo kweli. Kisha akaandika: "Nimesahihishwa."

Timu ya akina Kapteni iliishi kwenye seva ya vilabu vya michezo vya watu wenye ulemavu, na seva hiyo wala haikujua kama duniani kuna Mama Soli. Mtu mmoja tu, mtaalamu wa viungo wa timu, alikuwa akimfuata muuguzi, na kwa uzi huo mwembamba wakaonana. Wachezaji wengi wa timu ile walikuwa wamekosa mguu wa kushoto. Kila mmoja wao aliponunua viatu vya mpira alivaa cha kulia, cha kushoto kikabaki ndani ya boksi.

Walituma gunia. Mama Soli alilifungua kwenye sakafu ya karakana, vikamwagika viatu vya kushoto vya kila saizi, vipya, vya rangi za kupiga kelele: kijani cha limau, waridi, chungwa. Vyote vilikuwa na meno chini, ya kung'ata nyasi. Kinyozi wa jirani alichungulia akasema amewahi kuona mengi lakini hajawahi kuona mtu aliyeibiwa nusu ya duka.

Kazi ya kuvibadilisha aliipenda kuliko kazi yoyote aliyofanya kwa miaka. Alibandua soli zenye meno, akasugua kwa msasa, akakata soli bapa za mpira, akabandika, akazungusha mshono. Viatu vya uwanjani vikawa vya kuendea sokoni na kazini. Kila kimoja alikipiga picha, akakiweka, na waliokuwa wanahitaji kiatu cha kushoto wakaanza kuitana. Aliyekuwa amekaa pembeni akaja. Aliyesema amechoka kujifunza vitu vipya akajifunza. Mama wa yule mtoto akapata kiatu cha waridi, akaandika kwamba mtoto amelala nacho.

Mwalimu, ambaye mguu alionao ni wa kushoto na ambaye maisha yake yote alivaa viatu vyeusi, alipata cha rangi ya chungwa kwa sababu ndicho pekee kilichomwenea. Alikikataa. Alikikataa tena. Siku ya tatu alikuja karakana akasema atakijaribu tu, kwa ajili ya kumwonyesha Mama Soli kwamba hakimpendezi. Alisimama mbele ya kioo kwa magongo yake, akageuka upande, akageuka upande wa pili.

"Kinabana?" Mama Soli aliuliza.

"Kimya kidogo, mama," Mwalimu alisema. "Najitazama."

Akatoka nacho.

Mambo hayakuwa mteremko mtupu. Mama Soli sasa alikuwa bawabu, na ubawabu aliuona mzito. Mwuza mbao mmoja, mteja wake wa miaka mingi mwenye mguu uliopooza, alianza kuweka kila siku habari za mafuta ya binamu yake yanayonyoosha miguu. Kule kwenye mtandao mkubwa angeshtakiwa kwa mashine, na mashine ingeamua ikitaka. Hapa ilibidi Mama Soli mwenyewe ampigie simu.

"Kaka, haya mafuta umeyatumia wewe?"

"Nayatumia."

"Na mguu?"

Akaanza kueleza jinsi binamu yake anavyoyatengeneza.

"Wapo wazazi humu, watayanunua kwa ajili ya watoto. Naomba uyatoe."

Hakuyatoa. Mama Soli aliuliza wenzake, wakaamua kwa pamoja yaondolewe, akayaondoa yeye kwa kidole chake. Mwuza mbao aliondoka kundini, na viatu vyake akaanza kuvipeleka kwa fundi mwingine. Hajarudi mpaka leo. Wakipishana barabarani wanasalimiana, habari, nzuri, basi. Jambo hilo linamkera Mama Soli, na hajajifunza kuacha kukereka.

Siku nyingine kijana wa seva ya mbali aliichukua picha ya Mwalimu na soksi yake, akaisambaza kwa maneno ya kejeli. Mama Soli alikasirika, akamtafuta mtunzaji wa seva ile, akamwandikia. Alitarajia kushukuriwa kwa kuwa sehemu ya familia. Jioni alipata jibu la mtu, lenye makosa ya herufi na aibu ndani yake: amesoma, amemwita kijana, picha imetolewa, na anaomba radhi kwa mzee. Mwalimu alipoonyeshwa barua ile alitoa kalamu nyekundu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Na kuna asubuhi kundi lilizimika lote. Simu ya Mama Soli iliita mfululizo. Muuguzi alipiga, mshonaji akapiga, Kapteni akapiga kutoka huko aliko, Mwalimu akapiga kuuliza kama kuna msiba. Mama Soli aliacha kiatu kwenye chuma akakimbia nyumbani, shemeji akitoka maktaba naye anakimbia. Walimkuta mume wake amesimama na vesti chumba cha kulia, anapiga pasi. Waya wa kabati ulikuwa sakafuni.

"Kulikuwa na tundu moja tu la umeme," alisema, akiwatazama wote wawili wanavyohema. "Nani amekufa?"

Shemeji aliinama kuchomeka waya, akabaki ameinama hapo hapo, anacheka mabega yanamtikisika. Mama Soli naye akakaa kwenye kiti akacheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa ameamka siku hiyo akijiuliza kama kundi hili dogo lina maana kwa mtu yeyote. Sasa simu yake ilikuwa bado inaita mfukoni.

Kapteni alipoileta timu yake kucheza mechi ya kirafiki kwenye uwanja wa shule, ndipo Mama Soli alipomwona kwa macho. Alikuwa mfupi kuliko maandishi yake, mwenye mikono ya mtu anayeinua mizigo. Wakakumbatiana kama ndugu waliolelewa nyumba mbili.

"Mama Soli, kumbe wewe ni mpole," Kapteni alisema. "Maandishi yako yananukia gundi."

Tatizo la timu lilikuwa mipira inayovalishwa chini ya magongo. Ile ya dukani inaisha upesi, na mchezaji anateleza. Mama Soli alikuwa ameahidi kujaribu, akaja na mipira aliyoikata mwenyewe kutoka matairi mazito, akaichonga mistari. Alikaa pembeni ya uwanja na sanduku lake la kazi. Katikati ya kipindi cha kwanza mchezaji mmoja aliinua gongo ambalo mpira wake umechomoka, refa akasimamisha mchezo, Mama Soli akaingia uwanjani na nyundo. Watu walipiga makofi kana kwamba ameingizwa mfungaji.

Mwalimu alikuwa ameombwa atangaze mechi kwa kipaza sauti. Alitangaza kwa sentensi kamili, zenye kiima na kiarifu, kwa hiyo mara zote alikuwa nyuma ya mpira. Goli la pili lilifungwa wakati bado anaeleza la kwanza. Wajukuu zake walikuwepo, wamekaa chini ya meza yake. Mmoja alikuwa ameshamsaidia babu kuwaalika wanafunzi wake wa zamani kwenye kundi, na saba kati yao wamekuja, ingawa wote wana miguu miwili inayolingana. Wamekubaliwa. Kazi yao ni kusahihishwa.

Kundi leo halina maelfu. Lina watu mia kadhaa, na Mama Soli anawajua wengi wao kwa saizi. Seva za namna hiyo zimeongezeka kule na huku. Vinyozi wa mkoa wana yao, shemeji ndiye aliyewasaidia kuisimamisha, na kinyozi wa jirani sasa anamshauri Mama Soli mambo ya kompyuta kana kwamba alizaliwa nayo. Wengine wengi wamebaki kwenye mtandao mkubwa, na hilo Mama Soli halimsumbui. Mtu akija atakaribishwa.

Simu yake hukaa ndani ya droo ya misumari mpaka saa ya chai. Hapo huitoa, akasoma kuanzia alipoishia hadi mwisho, na mwisho upo kweli: anafika, anakuta hakuna zaidi, anairudisha ndani. Anayetafuta kiatu anamjibu. Asipokuwa na kiatu cha kumpa, anamwambia hakuna, tusubiri.

Jioni anafunga dirisha, anatembea mpaka nyumbani. Juzi alimkuta mume wake amepanga makopo ya rangi sebuleni. Alitaka kupaka ukuta wa chumba cha kulia, akamwita aje achague.

"Hii ya maziwa au hii ya mchanga?" aliuliza.

Mama Soli alitazama moja, akatazama nyingine, akamtazama mume wake usoni kwa muda.

"Zote ni nyeupe," alisema.

"Hizi ni mbili tofauti kabisa," mume wake alisema, akavuta kiti akae ili amweleze vizuri, na Mama Soli akavua viatu, akakunja miguu kitini, akamsikiliza.